Je, wajua kwa nini gitaa la besi lilianza kugongwa kwa kidole gumba?

Msikilize mpiga besi wa fanki, muziki wa dansi wa Wamarekani Weusi: nyuzi zinadunda kama ngoma, "du" nzito kisha "pa" kali. Aliyeutangaza mtindo huo duniani ni Larry Graham wa Sly and the Family Stone, bendi iliyoundwa San Francisco mwaka 1966. Lakini mtindo wenyewe aliupata kabla ya bendi, akiwa kazini na mama yake.

Dell Graham alikuwa mwimbaji na mpiga piano, na mwanawe alimsindikiza kwenye kumbi za burudani. Larry alipiga gitaa la kawaida huku miguu ikikanyaga pedali za besi za kinanda. Kinanda kikaharibika. Akakodi gitaa la besi la kushikiza tu, na kinanda kiliposhindikana kutengenezeka, akabaki nalo. Halafu mama akaamua wapige wawili, bila mpiga drams. Larry akaanza kugonga nyuzi nene kwa kidole gumba, kuziba pengo la ile ngoma kubwa ya mguu. Nyuzi nyembamba akazivuta kwa kidole na kuziachia zijipige kwenye shingo ya gitaa, zikalia mfano wa ngoma ndogo kali. Wapiga besi wenzake hawakupiga hivyo, naye hakujali, maana alitarajia kurudi kwenye gitaa lake. Naamini uhuru huo ndio uliozaa kila kitu.

Sly Stone, kiongozi wa bendi ile, alikuwa mtangazaji wa redio KSOL. Graham amesimulia kwamba mama mmoja, shabiki wake, alimpigia Sly simu tena na tena akamsikilize yule kijana. Sly akaenda, akamchukua.

Katika bendi alimkuta Greg Errico kwenye drams, kwa hiyo hapakuwa tena na pengo la kuziba. Graham hakuacha kugonga, na hapo ndipo penye utamu: besi na drams zikawa zinajibizana. Usikilize "Thank You (Falettinme Be Mice Elf Agin)", uliotoka mwishoni mwa 1969 na kushika namba moja Marekani mwaka uliofuata. Besi ndiyo inayoubeba wimbo. Gitaa na tarumbeta ya Cynthia Robinson vinachomekea tu.

Mwaka 1972 Graham aliondoka, akaunda Graham Central Station. Wapiga besi Louis Johnson, Marcus Miller na Flea wa Red Hot Chili Peppers wote wakapita njia hiyo ya gumba.