Kujenga Upya Misuli Baada ya Kiharusi: Maana na Utaratibu Wake

Kujenga upya misuli baada ya kiharusi ni kazi ya kurudisha unene na nguvu za misuli iliyonywea kwa sababu ya maradhi hayo, kwa kuitwisha mzigo unaoongezwa kidogo kidogo na, wakati huohuo, kumlisha mgonjwa protini ya kutosha. Mambo hayo mawili hayatenganishwi. Mazoezi bila chakula huuchosha mwili usio na malighafi ya kujijengea, na chakula kingi bila mazoezi huongeza mafuta zaidi kuliko mnofu.

Ili dhana hii ieleweke, ni lazima kwanza ijulikane kwa nini misuli hunywea. Kiharusi hutokea mshipa wa damu unaolisha ubongo unapoziba au kupasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto, mgonjwa hupooza upande ulio kinyume na ule ulioumia. Siku ya kwanza misuli ya mkono na mguu huo bado ni mizima. Kilichokatika ni amri ya kuikaza. Unyweaji huja baadaye, na chanzo chake kikubwa ni kulala bila kutumia viungo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku 10 tu, nao wakapoteza karibu kilo moja ya mnofu wa miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Mwenye kiharusi huongezewa juu yake mwili unaovunja protini zake kwa ajili ya msukosuko wa maradhi, ugumu wa kumeza, hamu ndogo ya kula na mara nyingi sonona. Ndiyo maana hata mguu unaoitwa mzima hupungua nguvu, jambo ambalo familia nyingi huligundua siku mgonjwa anapojaribu kusimama na magoti yote mawili kutetemeka.

Kwa hiyo udhaifu wa mgonjwa una sehemu mbili, ule wa amri ya ubongo na ule wa misuli yenyewe, na mazoezi ya nguvu huzigusa zote mbili. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka kabla misuli haijanenepa, kwa sababu ubongo unajifunza upya kuziamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja. Unene hufuata baada ya wiki kadhaa za kazi isiyokatizwa.

Kwa muda mrefu katika karne ya 20, wataalamu wengi wa fiziotherapia, hasa waliofuata mafundisho ya Berta Bobath aliyefanya kazi London, waliamini kwamba mzigo mzito ungeongeza ule ukakamavu unaoukunja mkono wa mgonjwa kifuani. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha hofu hiyo: wagonjwa waliofanyishwa mazoezi ya uzito walipata nguvu bila ukakamavu kuongezeka. Hata hivyo, wapo wanaoendelea kuambiwa wapumzike tu.

Nyumbani kwetu msaada wa kwanza huwa kuchua, kwa mafuta au kwa kukanda na maji ya moto. Kuchua kuna faida yake: viungo vinalainika, na mgonjwa anapata faraja ya kuguswa na watu wake. Lakini msuli unaochuliwa haufanyi kazi, na msuli usiofanya kazi haukui. Tena upande uliopooza mara nyingi umepoteza hisia, kwa hiyo maji yanayoonekana kuwa ya kawaida kwa mkandaji yanaweza kumuunguza mgonjwa bila yeye kusema lolote.

Mzigo unaojenga ni ule unaomfanya mtu achoke kweli anapofikia marudio ya mwisho, ilhali bado anaweza kuyafanya kwa usahihi. Mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa mwaka 2014 kwa waliopona kiharusi unapendekeza mazoezi ya nguvu siku 2 hadi 3 kwa wiki, marudio 10 hadi 15 kwa kila zoezi, mzunguko mmoja hadi mitatu, kwa mzigo ulio kati ya asilimia 50 na 80 ya ule mkubwa kabisa ambao mtu anaweza kuuinua mara moja. Vyuma vya gharama si lazima. Zoezi la kuinuka kitini, kwa mfano, latosha kuanzia. Mgonjwa huketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani na kuongezewa mto ili kiwe cha juu, miguu yote miwili imekanyaga chini, ule dhaifu ukirudishwa nyuma kidogo kuliko mwenzake ili ulazimike kubeba uzito. Huinamisha kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, husimama, kisha hukaa polepole, kwa kuwa kushuka taratibu nako hujenga. Msaidizi husimama upande ulio dhaifu. Mgonjwa akiweza marudio 15 bila taabu, mto unaondolewa. Akiweza tena, anaacha kujishikilia kwa mkono. Baadaye anabeba chupa ya maji kifuani. Kuongeza huku ndiko kiini cha jambo zima, na ndiko kunakosahaulika: mtu anayerudia zoezi lilelile jepesi kwa miezi sita hubaki palepale.

Mkono usioweza kuinuka kabisa huanziwa mezani, ukiteleza juu ya kitambaa mbele na nyuma. Usivutwe kamwe wakati wa kumwinua mgonjwa, kwa maana bega lililopooza huchomoka kwa urahisi na maumivu yake hukaa muda mrefu.

Pupa nayo ina madhara. Utafiti mkubwa uitwao AVERT, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuanza kumwinua mgonjwa kitandani mara nyingi na kwa bidii ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Siku za mwanzo ni za hospitali, na ruhusa ya kuanza mazoezi ya uzito hutoka kwa daktari baada ya shinikizo la damu kudhibitiwa. Wakati wa kuinua, mgonjwa atoe pumzi bila kuibana, kwa sababu kubana pumzi hupandisha shinikizo ghafla. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kichwa kuuma ghafla au udhaifu mpya ni amri ya kuacha na kwenda hospitali mara moja.

Tukija kwenye chakula, wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa mzee anayeugua. Mtu wa kilo 60 anahitaji basi angalau gramu 72, na zigawanywe katika milo yote, kwa sababu mwili hauweki akiba ya protini kama unavyoweka mafuta. Hapa ndipo mlo wetu wa asubuhi unapopungukiwa: chai na maandazi, au uji mtupu, havina protini ya maana. Mayai mawili na glasi ya maziwa hutoa kama gramu 20. Mchana, kipande cha samaki cha gramu 100 pamoja na ugali hutoa gramu 25 au zaidi. Usiku, kikombe cha maharage na wali hukaribia 20, na kiganja cha karanga wakati wa jioni huongeza gramu 7. Dagaa wakavu wana protini nyingi na bei yao ni nafuu, ila waliotiwa chumvi waoshwe na kulowekwa, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, na shinikizo la damu ndilo chanzo kikuu cha kiharusi cha pili. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kupimwa na kushauriwa.

Kabla ya yote hayo, umezaji upimwe. Anayekohoa akinywa maji, au ambaye sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kula, yumo katika hatari ya chakula kuingia mapafuni, na kwake uji mzito mara nyingi ni salama kuliko maji. Alishwe akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya mlo.

Wengi huuliza kama muda umeshapita. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kupona hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo, lakini msuli hauachi kuitikia mzigo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, watu waliopata kiharusi zaidi ya miezi sita kabla walifanya mazoezi ya uzito yaliyoongezwa hatua kwa hatua kwa wiki 12, na nguvu za miguu yao ziliongezeka, ule uliopooza na ule mwingine pia.