Machozi ya mama hayatoboi moyo wa mtoto

Mama aliyejifungua mtoto mwenye tundu kwenye moyo bado huambiwa: ulilia sana ukiwa mjamzito, au ulishtuka. Si kweli, na maneno hayo humuumiza bure. Moyo huumbika zaidi katika wiki 8 za kwanza, mara nyingi mama hata hajajua ana mimba. Mwaka 1936 Dk. Maude Abbott wa Montreal, Kanada, alichapisha atlasi, yaani kitabu cha michoro, iliyochambua visa 1,000 vya kasoro za moyo za kuzaliwa nazo, akizipanga kwa kufuata mkondo wa damu. Baadaye visababishi kadhaa vilibainika: rubela (ugonjwa wa virusi unaoleta vipele) mwanzoni mwa ujauzito, kisukari kisichodhibitiwa, hitilafu za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli). Kwa watoto wengi, hakuna kisababishi kimoja kinachopatikana.