Kulaza Matofali Hakupozi Nyumba ya Pwani

Nimeletewa tena ramani ya nyumba ya kijijini, safari hii ya kiwanja kilichoko kati ya Muheza na Pangani, na mwenye nyumba amenieleza kwa uhakika kamili kwamba matofali yatalazwa ili vyumba viwe na ubaridi. Fundi amemwambia hivyo, jirani amemwambia hivyo, na fedha za saruji ameshazitenga. Imani hii inawagharimu sana watu wa mkoa wetu, na kinachoniuma zaidi ni kwamba fedha hizo wanazitumia kununulia joto.

Tofali la inchi 6 kwa 9 kwa 18 likisimamishwa hufunika inchi 18 kwa 9 za ukuta. Likilazwa hufunika 18 kwa 6, na unene wa ukuta hutoka inchi 6 kuwa 9. Palipotosha matofali mawili sasa panahitaji matatu, na saruji ya kujengea huongezeka vilevile.

Ukuta mnene wa saruji hauzuii joto, bali hulichelewesha. Katika sehemu kavu za bara, ambako mchana huunguza na usiku huwa wa baridi kali, ucheleweshaji huo ni neema, kwa sababu joto la mchana huingia ndani wakati watu wanalihitaji. Pwani ya Tanga haina usiku wa namna hiyo. Mwezi wa Februari mchana hufikia takriban nyuzi 32 na usiku haushuki sana chini ya 24, tena hewa imejaa unyevu, kwa hiyo ukuta haupati nafasi ya kupoa. Jua lililoupiga ukuta wa magharibi saa kumi alasiri huanza kutokeza upande wa ndani usiku, wakati watoto wanakwenda kulala. Weka kiganja kwenye plasta ya chumba kama hicho saa nne usiku, nawe utahisi vuguvugu ilhali nje kunapunga upepo.

Najua nitatajiwa majumba ya kale ya Bagamoyo, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Ni kweli yana ubaridi, lakini yana dari za juu, madirisha marefu, baraza na vivuli. Anayechukua unene wa kuta peke yake na kuuweka chini ya bati la chini lisilo na dari hakuiga nyumba ile. Nakubali pia kwamba chumba kinachotumika mchana tu, kama ofisi ya kijiji, hunufaika na ukuta mnene. Chumba cha kulala hakinufaiki.

Joto kubwa la nyumba hizi hutoka juu. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua huwa utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Hakuna ukuta unaopokea jua kama paa. Fedha za tofali la tatu zipelekwe kwenye dari, na kati ya dari na bati paachwe matundu yenye wavu ili hewa moto itoke. Bati jipya linalong'aa hurudisha mwanga mwingi, lakini huachia joto lake kwa shida, na likishika kutu hata ule mwanga halirudishi tena; rangi nyeupe hurudisha mwanga na kuachia joto. Makuti hupoza vizuri zaidi, ila yanashika moto na yanahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache.

Pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, kwa kuwa huko jua la adhuhuri hupita juu na upenu wa mita moja hulikinga, na pepo za kaskazi na kusi huziingia kwa mshazari bila shida. Halafu jamani, haya madirisha ya aluminiamu ya kusukuma! Hufunguka nusu tu. Mtu analipia dirisha la futi 5 na kupata upepo wa futi mbili na nusu, kisha ananunua feni ya wati 70 na kulalamikia umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Shata za mbao hufunguka zote.

Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba sita za mfano zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2017 vilionyesha kwamba zilikuwa na ubaridi zaidi na mbu wachache kuliko nyumba za kawaida za pale.

Kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua. Hesabu zangu zote hudhani kwamba dirisha litaachwa wazi usiku, na watu wengi hulifunga kwa kuogopa wezi. Wavu wa mbu nao hupunguza upepo. Kwa sasa naweka matofali ya matundu juu ya lenta, yaani boriti ya juu ya madirisha, karibu na dari, pande mbili zinazokabiliana, ambako mkono wa mwizi haufiki. Hewa moto hutoka, lakini upepo wa kumfikia aliyelala kitandani hautoshi, na kwa vyumba vya ndani visivyo na ukuta wa pili wa nje sijaridhika na suluhisho lolote nililochora.