Kukata kushoto kwenye taa, ukiwa Marekani

Aliyejifunzia gari Mombasa, Dar es Salaam au Kampala anajua kushoto ndiyo kona nyepesi: unabana ukingo, unaangalia bodaboda asijipenyeze ubavuni, unakata. Marekani kona nyepesi ni ya kulia. Kushoto kunakupitisha mbele ya magari yanayokuja, na ndiko wanafunzi wangu wengi wanakochelewa kuzoea. Waliotoka Bukavu, Bujumbura au Kigali wana nafuu kwa sababu kwao pia gari hukaa kulia. Kinachowasumbua zaidi ni kuzisoma taa.

Usiangalie rangi peke yake, angalia na umbo. Mshale wa kijani wa kushoto maana yake wanaokuja kutoka mbele wamezuiwa na nyekundu. Nenda, baada ya kuhakikisha hakuna aliyechelewa kupita. Duara la kijani ni habari nyingine kabisa: unaruhusiwa kukata, lakini wanaokuja nao wana kijani chao na haki ya kupita ni yao. Mshale wa njano unaowaka na kuzima una maana ileile. Uliingia katika mwongozo wa kitaifa wa alama za barabarani wa mwaka 2009, kwa kuwa madereva walikuwa wakilichukulia duara la kijani kama ruhusa kamili. Mshale wa njano uliotulia unakuambia muda wako unakwisha.

Kukata kushoto kwenye nyekundu kunaruhusiwa katika majimbo mengi pale tu unapotoka barabara ya mwelekeo mmoja kuingia nyingine ya mwelekeo mmoja, tena baada ya kusimama kabisa. Michigan, Oregon na Washington zimelegeza zaidi ya hapo. Jiji la New York haliruhusu hata kulia kwenye nyekundu bila kibao. Ukihamia jimbo jipya, soma kitabu cha udereva cha huko kabla hujaiga wenzako.

Washa indiketa mapema. California inataka futi 100 za mwisho, yaani kama mita 30, na hicho ni kipimo kizuri popote. Ingia leni ya kushoto, kisha simama karibu kabisa na mstari bila kuupita. Ukiona lami imechanjwa umbo la mstatili, chini yake kuna waya unaohisi gari. Wanaosimama nyuma sana kwa woga, au waliokwisha kuupita mstari, wanaweza kuusubiri mshale usije, kwa kuwa mtambo haujui kwamba wapo.

Duara la kijani likiwaka na mbele kuna magari, sogea taratibu hadi karibu na katikati ya makutano, mradi barabara unayoingia ina nafasi ya kukupokea. Sehemu ya nyuma ya gari iwe imekiacha kivuko cha waenda kwa miguu. Ingia peke yako, wa pili abaki nyuma ya mstari. Mguu kwenye breki, na matairi yanyooke. Hili la matairi nalirudia hadi wanachoka: ukiwa umeshazungusha usukani kushoto na mtu akakugonga kwa nyuma, gari litasukumwa moja kwa moja kwenye leni ya wanaokuja. Matairi yakinyooka, litasukumwa mbele.

Sasa nafasi. Wahandisi wa barabara huhesabu sekunde 5.5 kwa gari dogo kukata likivuka leni moja, na nusu sekunde zaidi kwa kila leni inayoongezeka. Gari linalokuja kwa maili 40 kwa saa hukimbia karibu mita 18 kila sekunde. Kwa leni mbili, basi, gari la kwanza linatakiwa liwe mbali zaidi ya mita 107, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Chini ya hapo, subiri, hata wa nyuma akipiga honi.

Kabla ya kung'oa gari, tazama kivuko cha barabara unayoingia. Wenye miguu huwa wameruhusiwa wakati uleule wa duara lako la kijani, na nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele inaweza kumficha mtu mzima. Sogeza kichwa mbele na nyuma. Usipomwona mapema utalazimika kusimama umejitandaza kwenye leni za watu. Vilevile, dereva anayekuja kutoka mbele akisimama na kukupungia mkono upite, mshukuru lakini usimtii haraka. Hana mamlaka juu ya leni iliyo pembeni yake, na gari lake ndilo linalokuziba usiione.

Njano ndiyo inayoua. Umo katikati, taa yako imegeuka njano, unadhani na yao imegeuka. Kuna makutano ambako yao bado ni kijani. Usiende kwa kuitazama taa yako; yatazame magari. Ukiona pua ya gari inainama na mwendo unakufa, hapo kata. Katika majimbo mengi aliyeingia taa ikiwa kijani anaruhusiwa kumalizia hata ikiwa nyekundu.

Kwa mliozoea kukaa kushoto, hatari ya mwisho ni kukata kona fupi na kujikuta mmeelekeana na magari. Hapa kona ya kushoto ni pana. Nenda mbele kwanza, kisha zungusha. Mstari wa njano hutenganisha magari ya pande mbili, na unatakiwa uwe upande wa dirisha la dereva. Ingia leni iliyo karibu nao. Leni za kukata zikiwa mbili, kila mtu abaki kwenye yake.

Pittsburgh wana mila yao: kijani kikiwaka tu, wa kwanza anayekata kushoto huachiwa apite kabla ya wanaokuja. Ni ustaarabu wa mji, si sheria, na ukigongwa hautakutetea.

Na kuna mahali kushoto hakupo kabisa. Michigan, kwenye barabara nyingi kubwa, unapita taa, unageuza gari kwenye uwazi wa katikati, unarudi na kukata kulia. New Jersey, anayetaka kushoto hupitia kijia kinachochomoka upande wa kulia. Kibao chake huja mapema, kwa hiyo ukikaa leni ya kushoto kwa mazoea utakuwa umeshakipita.