"Run" si kukimbia tu

Wengi tulikaririshwa shuleni kwamba "run" ni kukimbia, basi. Ukiishia hapo, utashangaa Mwingereza akikwambia pua ya mwanawe "inakimbia". Mtoto ana mafua tu, kamasi zinamtoka. Kwa neno hilohilo mto hutiririka, injini huwaka, mwenye duka huendesha biashara yake, na Mmarekani hugombea urais. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipokichambua upya kitenzi hicho, walipata maana 645.

Wapo wanaosema hiyo ni fujo ya Kiingereza. Hebu panda daladala ya Mbagala asubuhi: dereva anapiga honi, konda anapiga kelele, abiria aliyepiga pasi shati lake anapiga simu kazini, na foleni ya Kilwa Road ikizidi, watu wanapiga soga. Hakuna aliyechapwa hata kofi. Kitenzi kikitumika sana hubaki chepesi, na mzigo wa maana hubebwa na neno linalofuata.

Ndivyo "run" ilivyo. "Run out of" sukari ni kuishiwa. "Run into" rafiki pale Posta ni kukutana naye bila miadi, hata kama nyote mlikuwa mmekaa.