Je, wajua kwa nini maharagwe huchelewa kuiva juu ya Nyiragongo?

Kutoka Kibati, nje kidogo ya Goma, hadi ukingo wa Nyiragongo, volkano iliyo mashariki mwa Kongo, ni mwendo wa saa nne hadi sita kwa miguu. Kule juu ni mita 3,470. Kikundi kitakachofika jioni na maharagwe makavu ya gunia na makala kidogo kitalala njaa: sufuria itachemka vizuri tu, mapovu juu na mvuke tele, lakini maharagwe yatabaki magumu.

Sababu ni hewa. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wake unapungua, na maji yanaanza kuchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Kila mita 300 hivi zinapunguza nyuzijoto moja. Goma mjini, kwenye mita 1,460 hivi, maji huchemka kwa nyuzi 95. Kule ukingoni ni 88 au 89. Kuchochea moto hakusaidii, maana maji yakishachemka hayapandi tena joto, yanageuka mvuke na kuisha. Na usijaribu kula maharagwe mekundu yaliyoiva nusu: yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, na isipovunjwa hutapisha na kuharisha.

Dawa yake ni kuyapika nyumbani hadi yalainike kabisa, halafu kuyakausha. Maharagwe ya namna hii si sawa na ya gunia. Wanga wake umeshaiva na maganda yamepasuka, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kunywa maji tu. Ukiyaloweka kwenye chupa ya mdomo mpana wakati wa pumziko la mwisho, ukifika juu unayapasha moto na kula.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi. Jua la Goma ni la kubahatisha, na chakula kilichopikwa kikikaa na uvuguvugu kutwa nzima huchacha. Afadhali tanuri la moto mdogo, nyuzi 60 hivi, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Tandaza punje kwenye sinia, safu moja. Moto ukizidi, ngozi ya nje inakauka na kufungia maji ndani. Mafuta weka kando, kwa sababu hayakauki na yanachacha upesi. Beba kwenye kichupa chake. Kuhakikisha, tia konzi moja kwenye chupa inayoonyesha ndani, ifunge, iache usiku kucha. Ukikuta umande kwenye kioo asubuhi, rudisha yote motoni. (Sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, hawahitaji somo hili, akina mama wa Kivu wanawaanika tangu zamani.)

Watu hudhani faida kubwa ya chakula kikavu ni wepesi wa mzigo. Nyiragongo sivyo. Mlima ule ni lava yenye matundu na nyufa: mvua inanyesha kwa wingi, lakini maji yanazama chini, hakuna kijito wala chemchemi ya kutegemea njiani. Maji uliyoyatoa kwenye maharagwe jikoni utayabeba tena ndani ya bidoni. Sahani sita za maharagwe yaliyoiva, gramu 300 kila moja, ni kilo 1.8, na karibu theluthi mbili yake ni maji. Ukikausha, unabaki na gramu 600 za chakula na lita 1.2 za kubeba. Ulichookoa ni makala na muda, pia chakula hakiharibiki njiani.

Kwa hiyo hesabu inaanzia kwenye bidoni, sufuria inafuata. Kwa safari ya kulala usiku mmoja, lita 4 kwa kila mtu ni kiasi cha busara, kunywa na kupika pamoja. Watu sita ni lita 24, yaani kilo 24: bidoni ya lita 20 haitoshi. Gawanyeni mapema, wapagazi wahesabiwe nao, na lita moja ya kila mtu isiguswe hadi asubuhi ya kushuka.

Kwenye milima ya Ruwenzori, upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Virunga, mambo yanageuka. Kule vijito ni vingi, kwa hiyo kila gramu ya maji uliyokausha nyumbani ni gramu usiyoibeba. Maji yake chemsha dakika 3 kamili: hata yakichemka chini ya nyuzi 90, joto hilo linaua vijidudu vya kuharisha.