Kabla ya Kununua Kiti, Pima Kiwiko Chako

Anayeanza kufanyia kazi nyumbani kwa kawaida hutafuta kiti kwanza, tena cha bei kubwa chenye magurudumu, kisha akakisogeza kwenye meza ya chakula. Mabega yakianza kuuma, lawama zote huenda kwa kiti. Mara nyingi mkosaji ni meza.

Meza nyingi za madukani zina kimo cha takriban sentimita 75. Kwa kula hakuna tatizo. Kwa kuchapa, kimo hicho kinamfaa mtu mrefu tu.

Chukua futi kamba. Vaa kandambili unazovaa ndani, kaa kwenye kiti kigumu, nyayo zote zikanyage sakafu. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti: hicho ndicho kimo cha kiti chako. Kisha acha mikono ilegee ubavuni, kunja viwiko, upime kutoka unapokalia hadi chini ya kiwiko. Jumlisha. Mwenye sentimita 41 na 23 anapata 64, na hapo ndipo vidole vyake vinapaswa kufanya kazi. Kibodi yenyewe ina unene wa kama sentimita 2, kwa hiyo meza yake iwe na 62. Kwenye ile ya 75 atachapa mabega yakiwa juu kutwa nzima, na misuli ya shingo haitapata kupumzika.

Ukimwagiza seremala, mpe kipimo hicho kwa maandishi, na umwambie asiweke droo katikati. Mafundi wengi huiweka bila kuulizwa. Paja lenye unene wa sentimita 15 juu ya kiti cha 41 linafika 56. Chini ya ubao wa sentimita 2.5 inabaki nafasi ndogo sana. Droo ikae pembeni.

Kama meza ni ya familia na haikatwi miguu, panda wewe. Mtu wetu atahitaji kukaa kwenye sentimita 54, na viti vingi vya ofisi haviinuki kiasi hicho, basi aongeze mto mgumu. Chini ya miguu aweke kijukwaa cha mbao cha sentimita 13. Akikiacha, miguu itaning'inia na ukingo wa kiti utabana mapaja kwa chini, ganzi ifuate.

Sasa kiti. Ukiegemea hadi mwisho, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo na nyuma ya goti. Kina cha kiti kikizidi hapo, utaacha kuegemea na egemeo halitakuwa na kazi. Egemeo liguse kiuno, si mabega pekee. Mikono ya kiti isigonge meza. Kwa kiti kilichotumika, kikalie dakika kumi kabla ya kulipa: kikishuka chenyewe, mtungi wa gesi unaokiinua kiti umechoka. Kiti cha plastiki cha sebuleni kinakulaza nyuma, nawe unainama mbele kuifuata skrini; hakifai kwa saa nyingi.

Laptopu ina kasoro ya kuzaliwa, kwa sababu skrini na kibodi vimeunganishwa. Iinue hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, umbali wa mkono ulionyooshwa, kisha utumie kibodi na kipanya vya pembeni. Fedha zikiwa chache, anza na hivi viwili kabla ya kiti. Wenye miwani ambayo kila kioo kina sehemu ya kuonea mbali na ya kusomea waishushe skrini kidogo, la sivyo watainua kidevu kila wanaposoma.